Springi za Mbele za Shangazi

Nyumbani, 4 Februari

Kwako Dereva,

Nadhani u mzima, maana habari mbaya zingekuwa zimeshatufikia kabla hujapokea barua hii. Sisi tupo. Mama yako hajambo: anakula, analalamikia chumvi, anakula tena. Mimi na cherehani yangu tunasukumana na sare za shule.

Sasa habari za Shangazi. Mama bado anakasirika gari likiitwa hivyo, anasema siku wifi yake akisikia itakuwa kesi. Lakini ni wewe mwanawe uliyelibatiza, kwa sababu linakuja kwa kelele na likishafika haliondoki. Basi Shangazi yuko juu ya mawe uani, magurudumu ya mbele yametolewa. Fundi Kidevu amefungua upande wote wa mbele. Injini iko sawa, breki mpya zimeingia, rangi imekauka. Kilichobaki ni springi za mbele. Ya upande wa dereva imekatika pete ya chini kabisa, na mwenzake imekula chumvi nyingi, imechoka. Hapa mjini hazipo. Wauza vipuri wananiambia gari la aina hii waliliona mara ya mwisho walipokuwa wakienda shule kwa miguu.

Wewe unapita miji yote na lori lako. Tutafutie. Ile nzima nimeipima kwa utepe wangu wa cherehani, urefu wake sentimita thelathini na moja. Leta mbili za urefu huohuo.

Na usisahau tulivyoagana. Shangazi akisimama kwa miguu yake, unaacha lori, unarudi, unafanya teksi hapahapa, na unalala kwako kama watu wengine. Nimechoka kuwa mke wa mtu anayekuja nyumbani kama mgeni na kuuliza kikombe chake kiko wapi. Sasa zinazokuzuia ni springi mbili tu.

Mkeo


Njiani, 15 Februari

Kwako Fundi wa Nguo,

Barua yako imenichekesha mpaka Utingo akauliza kama nimepata habari au nimepata wazimu. Mke wangu, ungemshonea mteja gauni jipya kwa kupima lile lililokwisha kulegea? Springi iliyochoka imeshafupika. Ukipima urefu wake na kununua ya urefu huohuo, umenunua uchovu. Usipime urefu. Hesabu pete zake, pima unene wa chuma chenyewe, pima na upana wa duara. Hivyo havibadiliki hata springi izeeke vipi.

Halafu rangi. Kiwandani walizitia doa la rangi kwenye pete mojawapo. Za gari letu ni bluu. Za kijani ni za ndugu yake, lile gari refu la kubebea mizigo, na hizo ni ngumu zaidi. Kwa macho ni pacha, zinaingia mahali palepale, lakini ukifunga bluu upande huu na kijani upande ule gari litasimama limeinama, na siku ukikanyaga breki kwa ghafla litakuvutia mtaroni. Mwambie Kidevu: bluu na bluu, au asifunge kabisa.

Nyuma ya soko la mji ninaopitia kuna mzee anayeuza vyuma vya magari yaliyokufa. Wanamwita Mzee wa Springi, ingawa anauza hata milango. Nikipita tena nitamwona. Msalimie Mama. Mwambie chumvi si nzuri kwa umri wake, halafu ukimbie.

Wako,
Dereva


Nyumbani, 27 Februari

Kwako Dereva,

Mama amesema utajua umri wake siku utakapofika mbele yake.

Haya, mwalimu, nimepima upya. Pete ni nane na robo. Unene wa chuma nimeuzungushia uzi, na uzi wenyewe nimeubandika chini ya ukurasa huu ili usiniambie nimekosea tena. Uzi mwekundu ni wa upana wa duara. Kidevu anasema hata ule mpira unaokaa juu ya springi umeoza, unamomonyoka kama mkate mkavu, kwa hiyo mwombe huyo mzee na mipira miwili. Anasema pia bolti moja ya mkono wa chini, kile chuma kinachobeba springi, ilikuwa imeshikana na kutu, ikabidi kuipiga mafuta siku mbili na kuinyonga kwa bomba refu mpaka mabega yawake moto. Ilipokubali, ililia kwa sauti ya mtu.

Gauni la mteja wangu mmoja limepata doa la grisi. Nilikuwa nimempelekea Kidevu chai.

Mbona mwandiko wako umekuwa hivyo? Mistari inapanda mlima, mingine imekaliana. Usiandike ukiwa ndani ya lori linalotembea, subiri lisimame. Mama ameshatangaza mtaa mzima kwamba unarudi kabla ya mvua. Usimwaibishe.

Mkeo


Njiani, 14 Machi

Mke wangu,

Uzi umefika, vipimo ni sahihi, hongera. Springi bado. Zilikuwepo mbili kwa yule mzee, nilipogeuka zikawa zimeshanunuliwa. Nyingine nilizoziona ni za gari jingine kabisa. Kazi nayo imebana, sijui nitapita tena lini upande ule. Kwani haraka ya nini? Gari limesubiri miaka, litasubiri.

Lakini kuna jambo nataka umwambie Kidevu, na umwambie vizuri, maana namjua hasikii. Springi ya mbele hata ikiwa imechoka ina nguvu ya kumtupa mtu mzima ukutani. Kabla hajalegeza nati yoyote ya mkono wa chini, apitishe mnyororo katikati ya springi na kuufunga kwenye chesisi. Jeki ikae chini ya mkono huo, nayo ishuke polepole, kidogo tu, apumzike, kidogo tena. Asikae mbele ya springi. Akae ubavuni. Asiweke vidole katikati ya pete hata kama kuna kitu kimeanguka humo. Na mawe hayo uliyosema gari limekalia, hapana, aweke magogo mapana. Jiwe linapasuka bila kuaga.

Mwambie asifanye akiwa peke yake. Mtu awe karibu. Kidevu ana watu wanaomtegemea.

Dereva


Nyumbani, 22 Machi

Dereva,

Tangu lini unamhurumia Kidevu? Kidevu hana mke, hana mtoto, hana hata paka. Anayemtegemea ni muuza sigara peke yake. Barua nzima unamlilia Kidevu na vidole vyake, mimi hukuniuliza hata kama nimelala.

Unaniambia "haraka ya nini". Nitakueleza haraka ya nini. Mwaka juzi ulisema ukimaliza mkataba. Mwaka jana ulisema gari likipata injini. Injini nimeihangaikia, rangi nimeihangaikia, sasa tumefika kwenye springi mbili na wewe unaanza kuburuta miguu. Sikuolewa na wewe wala wewe hukunioa mimi ili tuandikiane vipimo.

Kama kuna mwingine huko, sema. Nitalia siku nzima, kesho yake nitashona. Lakini usinizungushe. Tuma springi, au andika kwa mkono wako kwamba hutaki kurudi kwako, nami nitamwambia Mama aache kuwatangazia majirani.

Nimeumia, na nimeona nikuambie hivyohivyo.

Mkeo


Njiani, 2 Aprili

Mke wangu,

Hakuna mwanamke. Kuna springi. Anakuletea Utingo, zimo kwenye gunia pamoja na mipira yake ya juu. Nimezichagua mwenyewe na kuzikagua kwa macho yangu, ni bluu na bluu.

Mama asiache kutangaza.

Mwambie Kidevu asisahau mnyororo.

Dereva


Nyumbani, 12 Aprili

Mume wangu,

Utingo amefika salama na gunia lake. Nimemkalisha, nimempa chai. Wakati anakunywa nikazimwagia springi mafuta ya taa, nikazisugua kwa brashi mpaka tope na kutu vikatoka, nikazitoa uani kwenye jua.

Moja ina doa la bluu. Ya pili ina doa la kijani.

Nilikaa chini palepale mchangani. Mama akauliza kama nimeumwa na mdudu. Ni wewe uliyeniandikia kwamba ukizichanganya gari litakwenda mtaroni. Ni wewe uliyewahi kusimamisha lori zima na mzigo wake kwa sababu nati moja ilikuwa inalia na hakuna mwingine aliyeisikia. Ungetaka kuniudhi kwa sababu ya barua yangu ya mwisho, ungeninunia, hiyo ndiyo kawaida yako. Huwezi kunitumia kitu cha kuniangusha barabarani. Kwa hiyo hukujua. Na doa lenyewe ni pana, hata Mama aliliona akiwa kitini kwake.

Nikamuuliza Utingo una nini. Huyo kijana kudanganya hajui kabisa. Alitazama ndani ya kikombe akasema chai ina sukari nzuri. Sikuwa nimeitia sukari.

Nikakumbuka na mwandiko nilioucheka. Nikajuta kuucheka.

Sina hasira tena, zimeniisha pale mchangani. Yale ya mwanamke mwingine yafute. Nakuuliza swali moja, nijibu hilo tu, mengine tutayaongea baadaye. Macho yako yana nini?

Mkeo


Getini, yadi ya malori, 25 Aprili

Mke wangu,

Najibu upesi kabla ujasiri haujaniishia. Ni presha ya macho. Ilianza kula pembeni taratibu, nikadhani ni vumbi, nikadhani ni uchovu. Mwezi wa kumi mwendesha baiskeli alitokea upande wa kushoto na sikumwona hadi Utingo alipopiga kelele. Hakuguswa, aliondoka akinitukana, na matusi yake yote yalikuwa haki yangu. Nikasimamisha lori, nikampa Utingo funguo, nikaenda mwenyewe kwa bosi. Tangu siku hiyo sijagusa usukani. Daktari amenipa dawa ya matone. Kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kinaweza kutunzwa. Mbele yangu naona, ila kuna ukungu, na pembeni hakuna kitu. Rangi za giza zinanichanganya. Bluu na kijani kwangu sasa ni ndugu wa tumbo moja.

Bosi alinipa kazi ya geti. Nafungua, nafunga, nasogelea lori kusoma namba yake. Utingo siku hizi anapanda na dereva mwingine. Nilikuwa nikikuandikia "njiani" nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mlinzi.

Springi nilizipata Februari. Bluu na bluu, Mzee wa Springi alinichagulia yeye mwenyewe. Nilizishika, nikazirudisha mezani. Nikaenda tena, nikazirudisha tena, mpaka mtu mwingine akazichukua. Kila nikiwaza zimefungwa, naliona gari liko tayari mlangoni, Mama amesimama, wewe umesimama, mnanisubiri nikae kwenye kiti. Ningewaambia nini? Tangu ndevu zangu zikiwa tatu watu wananiita Dereva. Sijui jina langu jingine ni lipi.

Barua yako ya Machi ilinivunja. Nikaona bora moyo wako utulie, hata kama siku ya aibu yangu itakaribia. Nikaenda sokoni, mzee hayupo, amekwenda kuzika. Sikutaka kusubiri. Nikainama kwenye lundo, nikachagua mwenyewe, nikajiamini. Mke wangu, ningekuua kwa sababu ya kujiamini.

Nasema ningekuua wewe, sisemi Kidevu. Kidevu alifika hapa getini mwanzoni mwa Machi kutafuta kazi ya ufundi. Nilimtambua kwa sauti kabla sijamtambua kwa sura. Alishtuka kunikuta getini, nami nilishtuka kumkuta mbali na gari langu. Akaniambia ameondoka kwako tangu Januari, ameliacha gari limefunguliwa, na kwamba mke wangu alimwambia nenda, nitamalizia mwenyewe. Nikakumbuka ile bolti iliyolia kwa sauti ya mtu. Kidevu hajawahi kusikia bolti ikilia maishani mwake, yeye huzikata kwa moto.

Sikuweza kukuuliza, maana ungeuliza nimemwona wapi. Nikawa namwandikia Kidevu yale niliyotaka kukuandikia wewe. Kila siku nikikaa hapa naiona springi ile ikiruka. Nilikuwa na hofu kwa ajili yako na aibu kwa ajili yangu, na nilichagua kuificha aibu. Nisamehe.

Mumeo


Nyumbani, 6 Mei

Mume wangu,

Nimeisoma barua yako nikalia, nikaisoma tena nikacheka, nikampelekea Mama, naye akafanya hivyohivyo ila yeye alianza na kucheka. Kumbe ulijua! Na mimi hapa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Kidevu kasema hivi, Kidevu kafanya vile. Nilikuwa nimeanza kumwonea fahari fundi wangu wa uongo.

Ni kweli, Kidevu aliondoka. Alipata matumaini ya kazi ya kudumu, nikamwambia nenda, huwezi kumzuia mtu mlangoni pa riziki yake. Sikukuambia kwa sababu ungeniandikia niache, nami sikutaka kuacha. Mwanzo nilikuwa nashika spana kwa hasira tu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinasubiri mwanamume fulani afike. Baadaye nikaanza kuipenda kazi yenyewe. Chuma kina adabu kuliko kitambaa, ukikifunga kinakaa. Mnyororo niliufunga kama ulivyomwagiza "Kidevu", na mawe nikayaondoa siku ileile, nikaweka magogo. Mama ndiye mtu wa kuwa karibu. Anakaa kitini na mwavuli, na kila jeki ikishuka anapiga kelele "taratibu!" hata kama imeshuka kwa unene wa ukucha.

Kuna jingine nililokuficha, tumalize yote. Nimejifunza kuendesha. Nimekwenda chuo cha udereva cha pale karibu na posta, mwalimu ananifokea, nami namjibu. Leseni nimeipata wiki iliyopita. Kwenye picha nimetoka kama mtu aliyedaiwa kodi.

Kuhusu macho sitakudanganya kwamba si kitu. Nimeumia. Nimeumia zaidi kwa kuwa ulikuwa peke yako nayo tangu mwezi wa kumi, unakwenda kwa daktari peke yako, unajifunza kutia matone peke yako. Mimi ni nani kwako? Uliposhikwa na ile homa kubwa ulikuwa unataka hata mto nikugeuzie mimi.

Sasa sikiliza. Nahitaji springi moja ya bluu, mwenzake na hii niliyonayo. Rudi kwa Mzee wa Springi akiwepo. Ichukue, panda basi, uje nayo. Usimpe Utingo. Ile ya kijani nitakurudishia hapahapa nyumbani, utaamua mwenyewe uitundike wapi.

Mkeo


Getini, 20 Mei

Mke wangu mpenzi,

Leseni! Nimemwambia kila dereva anayepita geti hili. Wamenipongeza kana kwamba mimi ndiye niliyefanya mtihani. Mmoja ameniuliza kama unafundisha na wengine.

Springi imepatikana. Mzee aliitafuta kwenye lundo lake kwa muda mrefu, akaisafisha mbele yangu. Nilipapasa namba iliyochongwa mwishoni mwa pete kwa ukucha, tarakimu moja moja, ni yenyewe. Rangi ameisoma yeye, na Utingo ameisoma, na mwanamke mmoja aliyekuja kununua taa nilimwomba naye aisome. Wote wamesema bluu.

Lakini nimempa Utingo ailete. Usikasirike. Nimekaa na barua yako siku nyingi, na bado siwezi. Hapa getini hakuna aliyenijua nikiwa nakimbiza lori mteremkoni. Huko mtaani wote wananijua. Watasema nini wakiona mke kashika usukani na mume amewekwa pembeni kama mzigo wa sokoni? Nitakushika mkono kuvuka barabara kama mtoto? Wewe utafanya kazi, halafu urudi kunitafutia viatu vyangu. Sikukuoa unihudumie.

Nipe muda. Mwisho wa mwaka, pengine. Nikishazoea. Kwa sasa funga springi, fanya teksi yako, na mimi nitatuma nilicho nacho. Ukimaliza kufunga, pima kutoka ardhini hadi kwenye madigadi, kushoto na kulia. Ikiwa sawa, kazi yako ni safi.

Mumeo


Nyumbani, 30 Mei

MUME WANGU,

Naandika kwa herufi kubwa na kwa wino mweusi ili usimwombe mtu akusomee haya, maana mengine ni yako peke yako.

Springi zimeingia. Bluu na bluu. Nilikaa ubavuni, mnyororo ulikuwepo, jeki ilipanda polepole hadi bolti ikaona tundu lake. Mama aliponyamaza nilijua imekwenda vizuri. Nikaondoa magogo, nikalisukuma gari mbele na nyuma likae, nikapima kwa utepe. Kushoto na kulia hakuna tofauti hata ya uzi. Kisha nikamtoa Mama kutembea. Alikaa mbele, akateremsha kioo, akasalimia watu wote hadi wale tuliogombana nao. Kwenye matuta ya mbele ya shule gari lilishuka na kuinuka mara moja tu likatulia. Nilikuwa natamani uwe humo ulisikie.

Sasa nijibu barua yako. Unasema watu watasema. Wameshasema. Walisema nilipolala chini ya gari na kanga kichwani, wakasema nilipopita na mwalimu wa udereva, na jana wameniomba niwapeleke hospitali kwa zamu. Wakichoka kusema wanapanda.

Unauliza kama utanishika mkono kuvuka barabara. Ndiyo. Ulikuwa hutaki kunishika mkono barabarani tangu tuoane, ulisema ni mambo ya vijana. Leo nimepata sababu, na mimi siiachi.

Unasema nitarudi kukutafutia viatu. Sitakutafutia. Mahali pa viatu patakuwa palepale kila siku, nawe utavikuta mwenyewe. Matone nitakukumbusha, na hapo utanuna, na mimi nitakukumbusha tena. Asubuhi utanisikilizia injini kabla sijatoka. Wateja wa cherehani watakuja, utawapokea, maana maneno unayo. Yatakayobaki tutayajua tukifika. Sina picha nzima ya maisha hayo, wala wewe huna. Ila mwisho wa mwaka macho hayatakuwa mapya, na mimi nitakuwa nimekukosa kwa miezi mingine ya bure.

Mama amesimama nyuma yangu. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze: "Mimi sikuzaa dereva. Nilizaa mtoto, na kwa siku nyingi hakuwa na kazi yoyote zaidi ya kulia, na nilimpenda hivyohivyo. Niletee mtoto wangu." Ameniangalia mpaka nikaweka nukta.

Utingo anarudi kesho na barua hii. Nimemwambia asiondoke getini kwako bila jibu, na jibu ninalolikubali ni wewe ndani ya basi la Jumamosi. Stendi yetu siku hizi imejaa watu, hakuna mpangilio, wapiga debe wanamvuta mtu kila upande. Usibabaike. Ukishuka simama palepale mlangoni pa basi na begi lako, usihangaike kunitafuta.

Mimi nitakuona.

Mkeo